Watoto Juu ya Tyubu za Malori

Ninyi mliokabidhiwa boti, kaeni kwanza. Haya si maneno ya kusoma umesimama, mkono mmoja kwenye simu. Mmesema mnataka kuendelea kuwavuta watoto ziwani wakati wa likizo, kama tulivyofanya mimi na Mzee Ambakisye, na mmeniomba niwaandikie namna ya kuiandaa boti. Nimekubali. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Atakayecheka herufi zangu acheke akimaliza, asicheke kabla.

Nawaambia mapema jambo lenyewe, ili msiseme bibi alizunguka. Mtoto mmoja alikaribia kufa nyuma ya boti ile, na aliyemfikisha pale ni mimi. Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu Rehema. Hakufa. Mungu aliweka mkono, na Mzee Ambakisye aliweka wa kwake. Kwa hiyo mkiona nasisitiza jambo dogo kama kipande cha mpira wa maji, msiseme uzee. Ni shukrani, na shukrani yangu mimi ina sauti kali.

Wengi wenu mnaniita Mama Tyubu. Nimeziba pancha Tunduma miaka mingi, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Fundi alikuwa mume wangu. Alipofariki niliketi kwenye kigoda chake, kwa sababu beseni la maji lilikuwa pale, liva za kuvulia tairi zilikuwa pale, na watoto wanne walikuwa nyumbani. Dereva wa kwanza alinitazama juu hadi chini.

"Fundi yuko wapi?"

"Umemkuta."

"Mama, hili ni lori. Siyo baiskeli."

"Ndiyo maana nimechukua liva kubwa."

Alikaa kwenye kivuli cha lori lake akinisubiri nishindwe. Nilipomaliza alilipa bila kuniangalia usoni, lakini safari iliyofuata alipita mafundi watatu akaja kwangu. Madereva wa Zambia waliniita Bamayo, ndiyo mama kwa Kibemba, na wakanizoea. Nawashukuru. Tyubu zao zilizochoka ndizo zilizowabeba watoto ziwani, na mikanda yao mipana ya kufungia mzigo ndiyo niliyoitumia kuvutia. Waliniachia tu. "Chukua, Bamayo, huu umekatika huku mwisho." Walikuwa hawajui wananipa nini.

Siku hizi malori mengi yanatumia tairi zisizo na tyubu, na ninyi mnanunua vile vya dukani, vya rangi rangi, vyenye mikono tayari. Sina ugomvi navyo. Vingine ni vizuri kuliko vyangu. Ila chochote utakachoketisha mtoto, kwanza kijaze upepo ukizamishe majini. Tundu haliwezi kujificha kwenye maji, litatoa povu. Linalojificha ni uchovu. Uvute mpira kwa vidole viwili, uutazame juani. Ukiona magaga kama ya kisigino cha mkulima wa Ibaba baada ya palizi, mpira huo umechoka hata kama hautoi povu. Ukate vipande, uwauzie bodaboda wafungie mizigo. Mtoto asipande.

Nilifikaje ziwani? Binti yangu Anna aliolewa upande wa Kyela, karibu kabisa na Ziwa Nyasa. Kila nikienda kumsalimia nilibeba tyubu mbili tatu za wajukuu kuogelea. Jirani yake alikuwa Mzee Ambakisye, mvuvi wa usipa, vile visamaki vidogo vya kukaushwa mchangani. Alikuwa na boti ya mbao yenye injini ya kuning'iniza nyuma. Likizo moja walikuja watoto wa shule ya Jumapili kutoka Mbozi na Ileje, watoto wa mlimani ambao wazazi wao wana kahawa na mahindi, na maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya mto unaovukwa kwa jiwe. Waliona tyubu zangu wakashindwa kula. Nikamfuata Mzee.

"Baba, huwezi kuwavuta kidogo na boti yako?"

"Mama Tunduma, hii ni boti ya usipa. Inavuta nyavu."

"Kwani kipi kizito, nyavu au mtoto?"

"Nyavu ikipotea nanunua nyingine."

Hapo hapo nilijua kwamba kama kuna mtu wa kuwavuta watoto wale, ni huyu anayekataa. Angekubali haraka ningeondoka.

Nilimsumbua siku mbili. Siku ya tatu alisema, "Haya. Lakini wa kwanza kupanda ni wewe."

Mimi? Mwanamke mwenye wajukuu, kitenge, na mgongo wa kuinamia tairi? Alisema kwa Kiswahili chake kilichojaa Kinyakyusa kwamba hawezi kumweka mtoto mahali ambapo mtu mzima hajakaa. Anna akaniletea suruali ya mumewe. Wanawake waliokuwa wanaanika usipa waliacha kazi wote, wakasimama wamejishika viuno. Mmoja akapiga kelele, "Bibi, ukirudi utuletee samaki mbasa!" Mwingine: "Mbasa gani, atarudi yeye mwenyewe amekuwa mbasa!" Basi nilivutwa. Ile boti ilipoondoka tu ikaanza kwenda upande kama mbuzi asiyetaka mnada, nami nikaanza kuzunguka, na katika kuzunguka, kile kichuma cha kujazia upepo kikanichana paja. Nilikunywa maji ya ziwa ya kutosha chai ya nyumba nzima.

Lakini nilitoka na mambo matatu, na yote ningeyakosa kama ningebaki mchangani natoa amri.

La kwanza ni kamba. Tulikuwa tumeifunga upande mmoja wa nyuma ya boti, kwa sababu injini imekaa katikati. Ndiyo maana boti ilivutwa kombo. Mzee alikata kamba nyingine akaifunga kulia na kushoto, zile ncha mbili zikakutana nyuma ya injini kama manati, na pale kwenye panda ndipo ikaungwa kamba ndefu ya tyubu. Kwenye panda akapachika maboya ya nyavu zake, yale ya kuelea, ili boti ikisimama kamba isizame ikajisokota kwenye propela. Kamba yenyewe iwe ya manila, ile ya plastiki inayoelea. Katani inakunywa maji inazama. Urefu ni hatua ishirini na tano za mtu mzima. Ikiwa fupi, mtoto anakula moshi na mawimbi ya injini. Ikiwa ndefu sana, humuoni uso. Na uso lazima uuone.

La pili ni kile kichuma. Geuza upande wake uangalie chini, ukikunje, ukifunge kwa mpira, halafu vika tyubu nzima gauni la turubai. Turubai pia linazuia mpira wa moto usimchome mtoto kifuani. Msijaze upepo hadi mwisho asubuhi. Jua likipanda nao unapanda, na tyubu inaweza kupasuka kama puto la harusi.

La tatu ni lile tundu la katikati. Mtu mzima analiziba kwa makalio. Mtoto anapita. Niliketi na Anna tukasuka sakafu kwa vipande vya tyubu zilizokufa, kama mtu anavyosuka kitanda cha kamba. Wala usifunge kamba ya kuvutia kwenye mpira wenyewe, itaukata kama uzi unavyokata sabuni. Zungusha ule mkanda mpana wa lori, uvute mkanda, mkanda ubebe tyubu.

Boti nayo ilihitaji adabu. Boti ya uvuvi imejaa vitu vya kuumiza. Tulitoa nyavu zote, ndoana, nanga, mikuki, na zile karabai zenye vioo wanazovulia usipa. Tulitoa ndoo ya chambo ambayo Mzee alisahau ipo, na sisi tukaikumbuka kwa pua. Sakafu tulisugua kwa mchanga na majivu, maana magamba yanateleza kuliko ganda la ndizi. Bado watoto wawili wa Vwawa walitapika kabla injini haijawashwa. Harufu haifi kwa kuoshwa mara moja, wanangu. Osheni siku mbili.

Ndani ya boti kila safari wawe watu wazima wawili. Mmoja anatazama mbele, kazi yake ni usukani. Mwingine anakaa ameipa mbele mgongo, kazi yake ni mtoto tu. Hachoti maji, hapokei simu, hapigi picha. Yule wa usukani anavaa mkononi ile kamba nyekundu fupi ya kuzimia injini. Akianguka au akivuta, injini inakufa. Mzee alikuwa haivai akivua, anaitundika kwenye msumari. Nikamuuliza ni urembo? Akaivaa. Na mimi nilimshukuru siku moja kwa machozi kwamba aliivaa.

Majaketi ya kuelea mnayo, mazuri kuliko yetu. Baada ya kumvika mtoto, shika mabega ya jaketi uinue. Likipanda hadi masikioni, si lake, mtafutie lingine. Mtoto mmoja tyubu moja. Msifunge tyubu mbili kwa kamba moja, vichwa vitagongana kama mayai kwenye ndoo. Msikate kona kwa kasi. Boti ikikata kona, tyubu inachapwa nje kama fimbo, inakimbia kuliko boti yenyewe. Unaporudi kumchukua mtoto majini, zima injini kabisa, usiseme haina gia haivuti, halafu vuta kamba kwa mikono. Fanyeni asubuhi ziwa likiwa limelala. Mawimbi yakianza kuota mvi, rudini.

Na msikubali kila maji. Watu wa kule Kamsamba waliwahi kunijia Tunduma, wanataka tukafanye mchezo uleule Ziwa Rukwa.

"Mamba je?" nikawauliza.

"Bibi, mamba wa upande ule tunawajua."

"Endeleeni kujuana," nikasema. Nikarudi kwenye beseni langu. Hata Nyasa, hatukukaribia midomo ya mito.

Sasa niseme lile ambalo mkono wangu umekuwa ukilikwepa.

Nimewaambia kuhusu kamba, kichuma na tundu. Sijawaambia kuhusu mikono ya kushikia. Mwaka ule wa mwanzo mikono ya tyubu niliitengeneza mimi, kwa kamba laini, vitanzi viwili kila tyubu. Nilivifanya vikubwa na vilegevu ili kila mtoto, mnene na mwembamba, aweze kushika. Nilijiona nina akili. Mzee alivitazama akavigusa kwa kidole, akauliza, "Hivi havitakaza?" Nikasema, "Baba, wewe jua samaki, mimi najua tyubu." Naandika sentensi hiyo kwa aibu.

Jambo lingine, hatukuwa tumekubaliana na watoto ishara yoyote. Nilidhani mdomo unatosha. Mtoto akitaka kwenda, atasema. Akitaka kusimama, atasema.

Rehema alikuwa na miaka minane. Ni mtoto wa mwanangu mkubwa, tulikuja naye kutoka Tunduma. Nyumbani tulimwita Muoga. Nasema tulimwita, nami nikiwemo. Alikuwa analia akisukwa nywele, analia baba yake mdogo akimtekenya, analia kuku akimrukia. Alipoona wenzake wa Mbozi wanavutwa na kurudi wakicheka, akasema na yeye anataka. Nilifurahi sana. Nikasema leo woga utamtoka.

Mzee alishika usukani. Mimi ndiye niliyetazama nyuma.

Watoto waliotangulia walikuwa na wimbo wao. Boti ikipunguza mwendo wanapiga kelele, "Twende basi! Twende basi!" Nami nampigia Mzee kelele, "Ongeza, Baba!" Injini ile ilikuwa na mngurumo wa kumeza maneno. Kilichokuwa kinafika masikioni mwangu ni ule mkia tu, "...basi!" Nimeusikia asubuhi nzima, na asubuhi nzima maana yake ilikuwa ongeza.

Tukaenda na Rehema. Mwanzo alicheka, nilimwona meno. Tukapita wimbi dogo, tyubu ikaruka, ikatua. Nikasikia, "Basi!"

"Ongeza, Baba!" nikasema huku nikicheka.

Akaongeza.

Nikasikia mara ya pili. "Bibi, basi!"

Wanangu, mara ya pili nilisikia vizuri. Hakukuwa na "twende" yoyote. Niliona na midomo yake. Ningeweza kuwaambia kwamba ni injini, na mngeniamini, hakuna aliyekuwa pale kati yangu na yeye. Lakini nilisikia. Moyoni nikasema, ni yuleyule Muoga, avumilie kidogo atazoea. Nikampungia mkono wa kumtia moyo.

Ambacho sikukiona ni kwamba tyubu iliporuka, mkono wake wa kushoto uliteleza ukaingia kwenye kile kitanzi changu kikubwa hadi juu ya kiwiko cha mkono, na tyubu ilipojigeuza kidogo, kitanzi kikajisokota kikakaza. Alikuwa hawezi kuutoa. Mtoto hakuwa anaogopa mchezo. Mtoto alikuwa amefungwa.

Alisema mara ya tatu, na hilo halikuwa neno tena. Kisha tukapita wimbi, tyubu ikapinduka. Badala ya kuanguka na kubaki nyuma akielea kwa jaketi lake, kama wenzake wote walivyokuwa wanaanguka, Rehema alikwenda na tyubu. Tyubu juu, yeye chini, mkono umeshikwa, uso ndani ya maji, na boti inavuta.

Sikupiga kelele. Nimesimama mbele ya madereva wenye hasira, nimefukuza wezi wa tairi kwa liva, lakini pale sauti yangu ilikufa.

Injini ikazima.

Mzee Ambakisye alikuwa amevuta ile kamba nyekundu. Nilipogeuka alikuwa tayari amepita pembeni yangu, kisu cha samaki mkononi, na mzee yule mwenye magoti ya kulalamika akaruka majini kama kijana. Nami ndipo mikono yangu ikakumbuka kazi, nikavuta kamba. Nilivuta hadi ngozi ikatoka. Alipoipindua ile tyubu na kukata kitanzi, nilimwona mjukuu wangu ana rangi ya majivu. Tulimlaza boti ikiwa bado inayumba. Mzee akamgeuza ubavu, akampiga mgongoni kwa kiganja. Akatapika maji. Akavuta pumzi moja yenye sauti kama mlango mbovu. Nimezaa watoto wanne na kusikia kilio cha kwanza cha kila mmoja, lakini sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Mkono ulivimba ukawa kama muhogo, ila haukuvunjika. Zahanati walimfunga bandeji, wakamtazama kifua hadi kesho yake, wakatuachia.

Jioni tulipotoka zahanati Mzee alikuja kwa Anna, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilisubiri aniseme. Nilitaka aniseme. Hakusema. Nikamwambia kwa lugha yake, "Ndaga fijo, Baba," ndiyo asante sana. Halafu nikamuuliza alisikiaje, maana alikuwa ametupa mgongo na injini iko karibu na sikio lake.

"Sikumsikia mtoto," akasema. "Nilikusikia wewe umenyamaza. Asubuhi nzima ulikuwa unapiga domo nyuma yangu. Mtazama nyuma akinyamaza, mimi nazima. Nitauliza baadaye."

"Na kama ningekuwa nimenyamaza bure?"

"Tungewasha tena. Petroli ipo."

Kariri maneno hayo, wewe utakayeshika usukani. Kuzima bure hakujawahi kuzika mtu.

Asubuhi alirudi na mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani, ameukata vipande vya urefu wa kiganja. Alipitisha kamba ndani ya kila kipande ndipo akaifunga fupi, imebana kwenye mkanda. Mkono wa namna hiyo haujisokoti, na kitanzi hakikazi. Kipimo chake ni hiki: vidole vinne vya mtoto viingie, kifundo cha mkono kisipite. Aliponipa cha kwanza nishike, hakunikumbusha kwamba aliuliza kama vitakaza. Mtu anayekuokoa na bado asikukumbushe, huyo ni wa kuombewa kila siku, nami namwombea hadi leo akiwa kaburini kwake.

Ishara tukazipanga. Kidole gumba juu, ongeza. Kutikisa kichwa, simama, maana mikono inaweza kukamatwa lakini kichwa kipo. Akiachia mkono wowote, simama. Na neno la mdomo tukalibadilisha. "Basi" tulilifukuza ziwani, kwa sababu kwa Waswahili basi ni simama, na basi ni haya twende, na injini haijui tofauti. Tukachukua "leka!", yaani acha. Wanyakyusa wanalielewa, Wanamwanga tunalielewa, ndugu zetu wa Nakonde wanalielewa, na halina maana ya pili. Kabla hawajavaa majaketi, tuliwapanga watoto mchangani wapige kelele, "Leka! Leka!" na Mzee anajifanya injini, ananguruma, akisikia anakufa chali. Walipenda hilo kuliko ziwa.

Tulivuta watoto likizo nyingi baada ya hapo. Wengine leo ni baba na mama. Hakuna aliyeumia zaidi ya kukwaruzwa, na sijivuni, nashukuru.

Lakini safari ya kurudi Tunduma, siku chache baada ya zahanati, nilikuwa nimekaa na Rehema kiti kimoja kwenye Coaster. Tulipita Kasumulu, tukapanda milima. Nikamnunulia ndizi za kuchoma, akala kwa mkono mmoja. Ndipo akauliza.

"Bibi, mara ya kwanza hukunisikia?"

"Sikukusikia vizuri, mama. Injini."

"Na mara ya pili?"

Wanawake waliokaa mbele yetu walikuwa wanaongea habari za bei ya mbolea. Niliwasikiliza kidogo, nikitamani waniulize kitu.

"Mara ya pili nilikusikia."

"Sasa kwa nini hukusimama?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu dunia imekaaje. Nikamwambia, "Nilikosea. Nisamehe." Akafikiri. Akasema, "Haya," akaegemea bega langu akalala, ule mkono uliofungwa ukiwa juu ya paja langu. Hadi leo sijui nilistahili nini hata nilaliwe begani namna ile.

Tulifika nyumbani mchana. Wote walikuwepo, wanangu wa kiume, wake zao, wajukuu. Walikuja mbio kupokea mizigo. Baba yake mdogo akamwinua Rehema juu, akaanza kumtekenya kama kawaida yake, "Muoga amerudi! Muoga amerudi!" Mtoto akasema, "Basi, baba mdogo." Yeye akaendelea anacheka. Wote walikuwa wanacheka.

Niliweka mzigo chini. Nikawaambia wamshushe, na wakae, hata wenye kazi jikoni watoke wakae. Nikawaeleza yaliyotokea ziwani, na sehemu yangu sikuificha. Kisha nikatoa amri, na yeyote anayelala chini ya paa langu anaishi nayo mpaka leo:

"Kuanzia sasa, mtoto wa nyumba hii akisema basi, awe anasukwa, anaogeshwa, anatekenywa au anachapwa, mwenye mkono juu yake auondoe kwanza. Maswali baadaye. Na jina la Muoga nisilisikie tena hapa ndani."